Wenzetu wa Kileleshwa na Riverside, tushuke mtoni

Majirani wa Kileleshwa, Lavington, Riverside na Westlands, nawaandikia nikiwa mmoja wenu. Tumejenga juu ya miinuko inayotenganishwa na Mto Nairobi, Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo. Kijani tunachokitazama jioni kutoka roshani, hicho hicho kinachopandisha bei ya nyumba zetu, kinanyweshwa na mito hiyo. Lakini mgeni akituuliza njia ya kuteremkia mtoni, wengi wetu hatuna la kumwambia. Kuna ukuta, juu yake nyaya za umeme, na nyuma yake bonde tusilolijua. Watoto wetu wanakua hatua chache kutoka kwenye maji yanayotiririka na hawajawahi kuyatia mguu. Kwa hali ya maji hayo leo, hakuna mzazi atakayewaruhusu.

Ombi langu ni kwamba tuanze kuusafisha mto kutoka huku kwetu, na tuanze na mabomba yetu wenyewe. Kazi ya kuokota chupa kingoni naiheshimu. Ila chupa si sababu ya ule ukijivu wa maji yanayopita chini ya madaraja ya mtaa wetu asubuhi ambayo mvua haijanyesha, wala ya ile harufu inayopanda bondeni kiangazi. Hayo ni maji ya vyooni, jikoni na kwenye mashine za kufulia. Yanaingia mtoni usiku na mchana, na sehemu yake inatoka kwenye majengo yenye lifti, mlinzi getini na bwawa la kuogelea.

Anayetaka kuelewa tunachopoteza aende Arboretum. Ni hekta zipatazo 30 za miti iliyoanza kupandwa mwaka 1907, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikijaribu aina za miti inayokua haraka ili ipatikane kuni ya reli. Kirichwa Kubwa unapita humo ndani. Tumbili wanarukaruka, watu wanasali chini ya miti, wanafunzi wanasoma nyasini, wapenzi wanatafuta pembe yao. Wanakuja kutoka pande zote za jiji kwa matatu na kwa miguu, wanalipa kiingilio kidogo, wanakaa kutwa. Kisha simama kwenye daraja la mto ule uangalie chini. Uzuri wote ule umezunguka mfereji ambao hakuna anayethubutu kunawa mikono yake ndani.

Ukiendelea kuelekea Chiromo, mto unapita pembeni ya viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwarara wanapiga kelele juu ya miti mikubwa kama ambavyo wamefanya miaka yote. Baada ya hapo ni Museum Hill, halafu Michuki Park, halafu mjini. Masafa hayo ni mafupi. Mtu mwenye afya anaweza kuyatembea asubuhi moja kutoka Lavington. Lakini hawezi kuyatembea kando ya mto, kwa sababu njia haipo. Kila ploti imekata kipande chake. Mahali pengine ukuta umesimama ukingoni kabisa, pengine kifusi cha ujenzi kimemwagwa bondeni ili ploti iongezeke mita mbili tatu.

Najua jibu la kwanza litakalotolewa kwenye makundi yetu ya WhatsApp: uchafu unatoka juu, Kangemi na Kawangware. Ni kweli kwamba Mto Nairobi unatufikia ukiwa umeshachafuka. Unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita mitaa ambayo nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba lolote la maji taka, na watu wa huko wameachiwa mtaro uwe choo. Hilo ni deni la kaunti na serikali kuu, na tunapaswa kulidai pamoja nao. Sisi lakini tumeunganishwa. Tunalipa ada ya huduma kila mwezi, tena kubwa. Hatuna kisingizio walicho nacho wao.

Tazameni jinsi mtaa ulivyobadilika. Palipokuwa na nyumba moja ya vigae na bustani, leo pana ghorofa yenye familia 60, 80, na zaidi. Mabomba makuu ya maji taka ya upande huu yamelazwa mabondeni, sambamba na mito, kwa sababu maji hufuata mteremko hadi kwenye mabwawa ya kusafishia kule Ruai. Bomba lililopimwa kwa nyumba chache zenye bustani sasa linabeba minara. Likizidiwa au likiziba, mfuniko wa chemba unainuka na vyote vinamwagika mtoni, hatua chache tu. Na kuna ubaya mwingine ambao mafundi bomba watakusimulia ukikaa nao vizuri: jengo linalounganisha maji taka yake kwenye mfereji wa maji ya mvua, ama kwa kubana gharama ama kwa kukwepa foleni ya vibali. Mfereji wa mvua hauendi Ruai. Unaishia mtoni. Wapangaji hawajui, na mara nyingi hata walionunua nyumba humo hawajui.

Kujua si vigumu. Fundi anamimina rangi isiyodhuru chooni kwenye orofa ya chini. Mwenzake anasubiri kwenye chemba ya barabarani, na wa tatu anasimama pale mfereji wa mvua unapotoka. Katika muda mfupi rangi itajitokeza upande mmoja au mwingine. Kazi hii haihitaji waziri wala mfadhili. Kila kamati ya wakazi inaweza kuipitisha kwenye mkutano wake ujao na kuilipia kutoka ada ya huduma, kisha ikabandika matokeo kwenye lifti, mahali ambapo mwenye jengo, mpangaji na mfanyakazi wa ndani wote watayasoma. Jengo likigundulika lina kasoro, tulipe muda wa kurekebisha na tulisaidie kupata ramani ya mabomba kutoka kampuni ya maji na maji taka ya jiji. Likikaidi, sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba mtu yeyote amepata hasara au ameumia. Hatuhitaji kusubiri mtu augue ndipo tuwe na kesi.

Kuhusu kuta, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza ujenzi kwenye kingo za mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka mahali mafuriko makubwa zaidi yalipowahi kufika. Tuliona zikitekelezwa Agosti 2018. Kileleshwa palibomolewa mkahawa na kituo cha mafuta, Westlands likaangushwa jengo la Ukay. Kwa wiki chache kila mwenye ploti bondeni alikuwa akitafuta hati zake. Kisha matingatinga yakaondoka, na kuta nyingine zikaendelea kujengwa.

Halafu ikaja masika ya mwaka 2024. Zaidi ya watu 200 walikufa kwa mafuriko nchini, na Mathare watu walisombwa usiku pamoja na mabati yao. Serikali ikaamuru waliokaa karibu na mito wahame, na matingatinga yakashuka Mathare na Mukuru wakati matope hayajakauka. Kila familia iliyobomolewa nyumba iliahidiwa shilingi 10,000. Nawaombeni mlipime jambo hili kwa haki. Mita 30 za Mathare ni zile zile za Riverside. Na maji ya mafuriko yanayowafikia walio chini yetu kwenye Mto Nairobi yanaongezwa kasi na huku juu, kwa saruji tuliyomwaga mahali palipokuwa na nyasi na kwa mabonde tuliyoyabana yakawa membamba. Ukuta wangu ukiunyima mto nafasi ya kutanuka hapa, utaichukua nafasi hiyo kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Hata takataka zetu zina njia ya kurudi kwenye mto huo huo. Lori linalozichukua mlangoni kwetu alfajiri huzipeleka Dandora, kwenye jalala lililotangazwa kujaa mwaka 2001 na ambalo bado linapokea, na jalala hilo limepakana na Mto Nairobi. Kutoka huko maji yanaingia Mto Athi, yanakuwa Galana yakikatiza Tsavo, na mwisho yanaitwa Sabaki yakimwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mvuvi wa kule anapokea ya kwetu pia.

Wapo wanaosema tuiachie serikali, maana Machi 2025 ilizinduliwa programu ya kuufufua Mto Nairobi, na Tume ya Mito ya Nairobi ipo tangu Desemba 2022. Naitakia programu hiyo heri, na nataka wakazi tuisukume na tuikague. Lakini kumbukeni Michuki Park. John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, kuanzia mwaka 2008, alisimamia usafishaji wa kipande cha mto kati ya Museum Hill na mzunguko wa Globe hadi watu wakaanza kukaa kando yake kupumzika. Alifariki Februari 2012. Baada yake takataka na gereji zikarudi, na ikabidi kazi ifanywe upya mwaka 2020. Mto ulikuwa umeegemea nia ya mtu mmoja, na hapakuwa na wakazi waliojipanga kuulinda alipoondoka.

Msitu wa Karura ni habari nyingine. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi akatokwa damu alipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyogawiwa wajenzi. Msitu ukaokoka, ila kwa miaka mingi uliogopwa kwa ujambazi. Uliponywa pale wakazi wa mitaa ya jirani, Muthaiga, Gigiri na Runda, walipoungana na watu wa kijiji cha Huruma na Huduma ya Misitu, wakauzungushia ua, wakaajiri walinzi kutoka kwa majirani, wakafungua njia. Leo wanawake wanakimbia humo peke yao alfajiri.

Naitaja Karura kwa sababu najua hofu inayofanya tung'ang'anie kuta. Januari 2019 magaidi waliingia 14 Riverside wakaua watu 21. Wapo kati yetu waliozika ndugu, na wapo ambao hadi leo wanashtuka wakisikia mlio mkubwa. Sitamwambia yeyote afungue geti lake. Ninachopendekeza ni njia ya miguu kwenye ule ukanda wa kingo ambao kisheria hatukupaswa kuujenga: iwe na taa, iwe na walinzi wa mtaa, iwe na saa za kufungua na kufunga, iende kutoka Lavington hadi Museum Hill ikipitia Arboretum. Bonde tupu lenye giza nyuma ya ukuta ni hatari kuliko bonde lenye watu.

Na tukitafuta wa kutufundisha, wako Korogocho. Vijana wa Komb Green Solutions, baadhi yao wakiwa wameacha uhalifu, walishuka kwenye ukingo wa Mto Nairobi uliojaa takataka wakauchimbua kwa mikono, wakapanda miti na maua, wakafanya bustani ambako watoto wa Korogocho wanacheza. Wamefanya hivyo mahali ambapo mto unafika ukiwa umebeba uchafu wa jiji zima, pamoja na wa kwetu. Hawakuwa na ada ya huduma. Tuwaalike waje watuonyeshe, na tuwalipe kama tunavyowalipa wahandisi na wapimaji wetu, kwa sababu ujuzi huo sisi hatuna.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba. Kila kamati ya jengo ipitishe kipimo cha rangi kabla ya mwisho wa mwezi. Kila chama cha wakazi kichague watu wawili wa kukaa kwenye kamati moja ya mito yote mitatu, nao wasiwe wenye nyumba pekee. Wafanyakazi wa ndani, walinzi, mama mboga na watu wa bodaboda wanazijua chemba zinazofurika kuliko sisi tunaopita kwa gari. Tangazo la ujenzi mpya bondeni likitoka, tupeleke maoni yetu NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa maandishi, tukiwa wengi. Na Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, tukutane kwenye lango kuu la Arboretum tukiwa na mabuti ya mvua na glavu. Tutafuata Kirichwa Kubwa kuelekea juu, kila bomba linalotoka ukutani tulipige picha na kuandika liko nyuma ya ploti gani, likiwemo la jengo langu. Asiyeweza kutembea alete ramani ya mabomba ya jengo lake, tutaihitaji siku hiyo hiyo.