Kuvuta Kufuli Mara Tatu Si Ugonjwa

Na Nekesa Barasa

Siku hizi mjini Kitale ukipanga viatu kwa rangi, rafiki yako atasema una OCD, ule ugonjwa wa akili wa mawazo yanayomng'ang'ania mtu na vitendo anavyojikuta akivirudia. Ukifuta kiti cha hoteli kabla ya kuketi, una OCD. Wengine hata hujigamba nayo. Naomba tuwaachie wenyewe jina lao, maana wenyewe wapo, na hawajigambi.

Mtazame mwenye duka anapofunga jioni. Anabana kufuli, analivuta, anapiga hatua mbili, anarudi kulivuta tena, kisha huyoo, anakwenda kula ugali wake. Hana neno. Wezi wapo. Mwenzake amelivuta kufuli mara thelathini, akalipiga picha kwa simu, akapanda matatu ya Bungoma, na kufika Kiminini ile picha haimtoshi tena. Anashuka, analipa nauli ya kurudi. Ukimuuliza kama kufuli limefungwa, atakwambia limefungwa. Analijua hilo, ila kujua hakumtulizi, na kila akihakikisha, shaka inapata nguvu mpya.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unauliza kama mawazo na vitendo hivyo vinakula zaidi ya saa moja kwa siku, au vinamtesa mtu, au vinavuruga kazi na nyumba yake. Unadhifu wako haujafika huko. Wala mila si maradhi. Kwetu Bungoma, mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, kijana anayetahiriwa hupakwa matope mtoni alfajiri, na wazee hawataki hatua hata moja irukwe. Ni masharti kwelikweli, lakini ni ya wote, sababu yake inajulikana, na yana mwisho wake. Mgonjwa masharti yake ni yake peke yake, na hayaishi.

Tena si wote wanaovuta makufuli au kunawa mikono mpaka ngozi ichubuke. Yuko mama wa mtoto mchanga anayekata sukuma wiki, mara linamjia wazo la kumchoma mwanawe kwa kile kisu. Anakitupa. Kesho yake anakificha juu ya kabati, anaacha kupika, anamwomba wifi yake asimwache peke yake na mtoto. Mama huyu si muuaji. Wazo linamtetemesha kwa sababu halifanani naye hata kidogo. (Anayesikia sauti zikimwamuru ni habari nyingine, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.) Lakini amwambie nani? Akimwambia mama mkwe, ataambiwa ana mapepo. Sina ugomvi na maombi, ila mchungaji anayemtaka atubu wazo ambalo hakulitaka anamwongezea mzigo. Mwanachuoni Mwislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliyaandika mawazo ya namna hii yanayomng'ang'ania mtu, na aliyaandika katika kitabu cha afya ya mwili na nafsi.

Nyumbani nako huruma yetu huponza. "Mama, gesi nimezima?" Umezima, mwanangu. Baada ya dakika tano anauliza tena, nasi tunajibu tena kwa upendo, hadi jibu letu linakuwa sehemu ya ugonjwa. Tiba yenyewe huenda kinyume na hapo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alieleza habari za wagonjwa wawili walioletwa karibu na kile walichokiogopa, huku wakizuiwa kufanya lile tendo la kujituliza. Hofu hupanda, kisha hushuka yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na mtaalamu, polepole, mgonjwa akiwa amekubali. Kumnyang'anya mtu sabuni na kumcheka si tiba.

Dawa nazo zipo, fluoxetine ikiwa mojawapo. Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret ina idara ya afya ya akili, na kutoka Kitale unaweza kwenda na kurudi siku moja. Atakayeandikiwa dawa hizo aelezwe mapema kwamba si kama za malaria. Nafuu huchukua wiki nyingi, mara nyingine hadi kumi na mbili, kwa hiyo akiziacha wiki ya tatu atakuwa amezihukumu kabla hazijaanza kazi.