Vishikwambi vitoke kabatini, walimu tukae pamoja



Naomba unipe nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Wako wanaovisifu na wako wanaovibeza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na kimoja ninacho, kwa hiyo nitasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza naipongeza Serikali kwa kuamua kwamba vyombo vile, vilipokwisha kuhesabu watu, visiozee ghalani bali vije mashuleni. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini kumpa mwalimu chombo ni jambo moja, na kumwezesha kukitumia ni jambo jingine.

Shuleni kwetu vilipofika, tulielezwa zaidi habari za kuvitunza kuliko habari za kufundishia. Kila mmoja alitia sahihi kwamba kikipotea au kikivunjika atawajibika. Matokeo yake, ndugu Mhariri, vingi vilifungiwa katika kabati la ofisi, na vile vilivyokwenda nyumbani vikawa vya kusikilizia muziki. Nani atathubutu kuingia na mali ya Serikali katika darasa lenye watoto 112, wanaokaa wanne wanne kwenye dawati moja?

Mimi nilithubutu, nikaaibika. Nilikuwa nafundisha kugawanya, Darasa la Tatu. Nikapakua somo zuri lenye picha, nikasimama mbele nikiwa nimekiinua kishikwambi juu kama kuhani ainuavyo kitabu. Waliokaa mbele waliona, wa katikati wakasimama juu ya madawati, wa nyuma wakaanza kupigana. Kipindi kikaisha na hakuna aliyejua kugawanya. Siku ile niliapa kwamba chombo kile ni cha watu wa mjini.

Jioni nilimsimulia jirani yangu, mzee mmoja mwalimu mstaafu, aliyeingia kazini wakati wa UPE, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974. Akacheka sana, kisha akaniambia, "Mwanangu, hata redio haikumfundisha mtu peke yake." Akanikumbusha habari za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu cha kusoma, na kipindi kilipokwisha watu walijadiliana, kisha wakashika majembe kwenda kuchimba vyoo. Yeye mwenyewe alijifunza ualimu hapo hapo kijijini, kwa masomo ya posta na redio, huku akifundisha na kukutana na wenzake. "Tulijifunza kwa sababu tulikaa pamoja," alisema.

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Sisi walimu wa leo tunao utaratibu unaofanana na huo. Katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, kila shule inatakiwa kuwa na Jumuiya ya Ujifunzaji, ambamo walimu hukutana na kusaidiana katika yale yanayowashinda. Yetu ilikuwa kwenye karatasi tu. Tukaifufua, walimu watano, kila Jumatano saa tisa alasiri.

Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba kishikwambi si lazima kiwe cha kuonyeshwa watoto. Mwenzangu alikaa nyuma ya darasa langu akanipiga picha za video nikifundisha, kisha tukaitazama wote watano. Nilitahayari. Katika dakika 40 nilikuwa nimeuliza maswali mengi, lakini yote yaliishia mistari miwili ya mbele. Kule nyuma palikuwa na wasichana ambao sikuwaita hata mara moja, na mmoja wao alikuwa ameinua mkono mpaka akachoka akaushusha. Miaka yangu kumi ya kazi, hakuna mkaguzi aliyewahi kunionyesha jambo hilo. Tangu siku hiyo nafundisha nikizunguka, na yule mtoto sasa anagawanya vizuri.

Baadaye wakaungana nasi wakufunzi wawili wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho jirani. Vyuo hivi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa vile vya Sweden, vinajua kufundisha watu wazima na kazi za mikono. Walitusaidia kufunga umeme wa jua wa kuchajia, na sisi tukawaonyesha namna ya kumsaidia msomaji anayebabaika, kwani wanao wanafunzi walioacha shule mapema. Kumbe tatizo letu lilikuwa moja, na kila upande ulikuwa na nusu ya dawa.

Najua wako watakaosema kwamba madawati, nyumba za walimu na madarasa vingetangulia. Hawakosei. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamejaa, na video haipunguzi hata mmoja. Lakini vishikwambi vimekwisha kuja, na kuviacha kabatini hakutaongeza dawati.

Kwa hiyo nawaomba wahusika mambo manne. Kwanza, saa ya Jumuiya ya Ujifunzaji iwekwe kwenye ratiba na iheshimiwe, isiliwe na vikao vya michango wala takwimu za haraka kutoka wilayani. Pili, mwalimu aliyeharibikiwa na chombo akiwa darasani kazini asitendewe sawa na aliyekipoteza kilabuni. Tatu, masomo ya Taasisi ya Elimu yafikishwe kwenye kata yakiwa yamehifadhiwa tayari, maana sisi wa vijijini bando tunanunua kwa mshahara wetu na mtandao tunaufuata juu ya kilima. Nne, wathibiti ubora wakija wasiishie kuuliza, "Kishikwambi kiko wapi?" Waulize pia, "Mwezi huu umejifunza nini kwa mwenzako?"

Na sisi walimu tusijitoe lawamani. Ni vigumu kukubali kutazamwa na wenzako ukikosea. Mimi nilikaribia kukataa video ile isitazamwe. Ningekataa, mtoto yule wa nyuma angekuwa bado ameshusha mkono.

Wenzangu wa shule nyingine, hasa za vijijini, nanyi andikeni katika ukurasa huu mtuambie mmefanyaje.



Mwalimu wa Kijijini,
Singida.