Turudishiwe Ekimeeza Yetu



Asubuhi teksi ikipanda Wandegeya, hapa Kampala, dereva huwa kafungulia redio. Mtangazaji akigusia tu uchaguzi, mkono wa dereva unakimbilia kitufe, tunahamia kwenye muziki. Hakuna aliyemwamuru. Tuko abiria 14, na hakuna anayeuliza.

Hatukuwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa na ekimeeza, mijadala ya redio ya hadharani. Pale Club Obbligato watu waliketi na chupa zao mezani, Radio One ikarusha mjadala moja kwa moja, na mtu asiye na cheo chochote akamjibu mbunge huku nchi ikisikiliza. Upuuzi nao haukukosekana, lakini ulikuwa upuuzi wetu.

Septemba 2009, Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda Kayunga na ghasia zikazuka, serikali ilifunga redio nne na kuzipiga marufuku ekimeeza zote. CBS, redio ya Buganda, ilinyamazishwa hadi Oktoba 2010; ulipotafuta 88.8 uliambulia mchakacho. Mei 2013 polisi walizingira gazeti la Daily Monitor, Namuwongo, kwa siku 10, wakisaka barua ya Jenerali Sejusa ambayo gazeti lilikuwa limeandika habari yake. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) iliagiza vituo 13 viwasimamishe kazi watu wao. Na Machi 2025, katika uchaguzi mdogo wa Kawempe Kaskazini, askari waliwapiga waandishi mchana kweupe.

Msiniambie kuyazuia hayo ni kazi ya mahakama. Mahakama imefanya yake. Mwaka 2004, katika kesi ya Onyango-Obbo na Mwenda, Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo. 2010 likafutwa kosa la uchochezi. Ibara ya 29 ya Katiba, inayolinda uhuru wa kujieleza, ipo tangu 1995. Lakini hukumu haiudaki mkono wenye rungu.

Naandika kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wetu tuliisikia kwanza kinywani mwa askari kwenye kizuizi cha barabarani. Leo tudai nayo haki.

Mwandishi akifikishwa mahakamani Buganda Road, sisi wasomaji wake tujaze mabenchi. Ukimwona anapigwa, usiishie kurekodi kwa simu: nenda ukatoe ushahidi, tena uende na wenzako watatu, kwa sababu wa peke yake hutishwa. Madereva, wachuuzi wa soko la Owino, waumini wa makanisa na misikiti, tukusanye sahihi mtaa kwa mtaa, tuzipeleke kwa wabunge wetu na kwa UCC, tukiwa na dai moja tu: marufuku ya ekimeeza iondolewe.

Nawe dereva, kesho wakianza siasa, usiguse kitufe. Tutasikiliza pamoja.