Feri Imekwenda, Picha Hatuna

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Ukifungua albamu ya picha nyumbani kwenu utaona nini? Harusi, Idi, na shangazi amesimama wima kama askari mbele ya Nguzo ya Vasco da Gama. Sokoni je? Kituo cha matatu je? Hakuna. Ati hayo twayaona kila siku!

Mimi naona tunakosea. Nyanya yangu aliuza korosho kwenye feri ya Kilifi. Amenisimulia mara nyingi: foleni ya magari, wachuuzi wakikimbilia madirisha ya basi, sinia kichwani. Mwaka 1991 daraja likafunguliwa, feri ikastaafu, wachuuzi wakatawanyika. Daraja ni neema, sibishi. Lakini nyumbani hatuna hata picha moja ya nyanya na sinia lake. Pengine watalii waliopita pale wanayo, huko kwao Italia au Ujerumani. Sisi tuna maneno tu.

Ndiyo sababu likizo ya Agosti nilimwazima mjomba kamera yake kuukuu, Pentax K1000, aina iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Hufyatua hata bila betri. Betri ni ya kipimo cha mwanga tu. Mkanda wangu ulikuwa wa picha 36, nyeusi na nyeupe. Mwenye simu atanicheka, maana yeye hupiga mia kabla ya chai. Mie na 36 zangu nilizunguka Malindi siku tatu: wavuvi wakishusha samaki, muuza madafu akinoa panga, watoto wa chuo wakipita kando ya makaburi ya nguzo pale Msikiti wa Jamia.

Siku ya pili nikapata aibu. Mama mmoja wa viazi karai alinigeukia.

"Mwanangu, wanipiga picha bila kuniuliza? Ifute!"

"Mama, hii haifutiki."

Akajifunika leso, asiseme neno. Haki ilikuwa yake. Picha ya simu utamwonyesha mtu, akikataa utaifuta papo hapo; ya mkanda imeshafungiwa gizani. Kwa hivyo mwenye kamera kama hii lazima abishe hodi kwanza. Tangu hapo nikawa naomba. Wengine walikataa. Wengine walikubali, kisha wakajipanga kama wako studio, na picha yenyewe ikaharibika! Hasara hiyo naikubali.

Mkanda uliposafishwa, nilikata negativu ya yule mama nikampelekea. Akaiinua juani.

"Lo! Leso nyeusi imekuwa nyeupe!" Akacheka, akaifunga pembeni mwa leso yake.

Nashauri Chama chetu cha Kiswahili kianze albamu ya mitaa, na nyuma ya kila picha paandikwe mahali na tarehe. Mkanda wa pili ninao, na mjomba ameridhia kamera ikae kwetu hadi mwisho wa muhula. Jumamosi naanzia kituo cha matatu, saa moja asubuhi. Nani tutafuatana?