Wanaojadili habari zetu watusikie kwanza

Ndugu wasikilizaji, wenyeji wa Uvira na ninyi mliokimbia makwenu, siku hizi kila redio inataja Doha na Washington. Wengi mnaniuliza: tutarudi nyumbani lini? Mimi nina swali lingine: huko wanakozungumza, nani amewauliza ninyi?

Nauliza kwa sababu ziwa letu limeshaona mambo haya. Katika karne ya 19, biashara ya watumwa ilivuka Tanganyika kuelekea magharibi. Misafara kutoka Ujiji iliingia Manyema mpaka Nyangwe na Kasongo. Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, alieneza nguvu zake mpaka huku kaskazini. Vijiji vilichomwa, watu wakafungwa kamba shingoni.

Wakuu wa Ulaya wakakaa kujadili. Berlin, mwaka 1885, waliahidi kuikomesha biashara hiyo, na hakuna mtu wa ziwa hili aliyealikwa. Miaka miwili baadaye, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip, tajiri wa pembe na watumwa, kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, tena kwa mshahara. Mwenye bunduki alipata cheo. Aliyechomewa nyumba hakupata kitu.

Mwaka 1890 wakakutana tena Brussels. Leopold alisema kupigana na utumwa kunahitaji pesa, akaruhusiwa kutoza ushuru wa forodha. Mwaka 1891, kwa amri ya siri, akajitwalia pembe na mpira wa porini. Vita vya kuwaondoa matajiri wa misafara viliisha mwaka 1894, lakini Wakongomani wengi waliendelea kuteswa, safari hii kwa kazi ya lazima ya mpira.

Sipingi mazungumzo. Tunayahitaji ili bunduki zinyamaze. Lakini karatasi ikitaja vyeo na madini, bila kutaja shamba la mama aliyekimbia Bonde la Ruzizi, amani hiyo ni ya wengine.

Kwa hiyo naomba hivi: anayekwenda kutuwakilisha apite kwanza kwa waliohama, awasikilize, hasa akina mama. Akirudi, atusomee yote yaliyoandikwa, kwa Kiswahili, hapa hapa redioni. Nasi tusichoke kumdai.