Chuo ni bure, kitanda si bure

Ndugu zangu wa Nakivale, Kyaka, Kyangwali na Kampala, na ninyi wa mashirika mnaotusoma hapa: kuna sentensi moja nimechoka nayo. "Nenda Ujerumani, kule chuo ni bure." Tunaisikia kwenye semina, tunaiona TikTok, tunatumiana WhatsApp usiku bando likiwa linaisha. Sentensi yenyewe si uongo. Shida yake ni kwamba inaishia katikati.

Mimi nasema hivi: kinachomfungia kijana mkimbizi mlango wa Ujerumani si minervali, ni chumba. Na mpaka sisi na wanaotusaidia tuanze kuhesabu kuanzia chumbani, tutaendelea kujaza fomu za vyuo ambavyo hatutavikanyaga.

Tuanze na ile nusu ya kweli. Vyuo vikuu vya serikali katika majimbo mengi ya Ujerumani havitozi ada ya masomo. Unalipa mchango wa muhula tu, mara nyingi kati ya euro 100 na 350 kwa miezi sita. Lakini hata hiyo bure ina mipaka. Jimbo la Baden-Württemberg, kwenye miji kama Heidelberg, Freiburg na Stuttgart, linatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kilianza kutoza mwaka 2024, kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula kufuatana na kozi. Kwa hiyo soma jina la jimbo kabla hujasoma jina la chuo.

Sasa tuchukue mji huohuo wa München, lakini kwenye chuo kingine kikubwa, Ludwig-Maximilians. Pale mchango wa muhula ni karibu euro 100. Unafurahi, si ndiyo? Haya, tafuta pa kulala. Chumba kimoja kwenye nyumba ya kushirikiana, ambamo jiko na choo mnatumia pamoja na wengine, ni karibu euro 800 kwa mwezi. Miezi sita ni 4,800. Yaani chuo kinakuomba mia moja, na mwenye nyumba anakuomba karibu elfu tano.

Tuje kwenye viza. Ubalozi hauulizi kama una akili, hilo chuo kimeshaliamua. Unauliza kama una pesa. Njia ya kawaida ni Sperrkonto, akaunti iliyofungwa: unaweka euro 11,904 kabla hujasafiri, halafu ukifika unaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi. Hicho ndicho kiwango kilichowekwa 2024. Kwa shilingi za Uganda ni karibu milioni 50. Sijui kama nahitaji kuwaeleza watu wa mgao milioni 50 ni nini.

Lakini sikilizeni kitu ambacho semina hazisemi. Hiyo 992 haikuanguka kutoka mbinguni. Ni kiwango cha juu cha BAföG, ule msaada ambao serikali ya Ujerumani inawapa wanafunzi walioko kule. Ndani yake kuna hesabu: 475 ya kuishi, 137 ya bima, na 380 ya nyumba. Mia tatu themanini! Serikali inayokudai uthibitishe 992 imekukadiria chumba ambacho München ni kama ndoto. Ukilipa 800 ya chumba, inabaki 192. Bima ya afya ni lazima, weka kama 140. Sasa una kama euro 50 za chakula, simu, nguo na vitabu kwa mwezi mzima. Ndiyo, mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, na wengi wanaishi hivyo. Lakini kazi huipati siku unayoshuka kwenye ndege, na mtihani haukusubiri umalize zamu ya kuosha vyombo.

Bado kuna garanti, kama tunavyoiita kwetu Goma na Bukavu. Wao wanaiita Kaution. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai mpaka kodi ya miezi mitatu, ile kodi tupu bila maji na joto. Chumba cha kodi tupu 400 kinaweza kukudai garanti ya 1,200. Nawe unazo karibu elfu kumi na mbili benki, lakini zimefungwa, mwezi huu unapewa 992 tu. Una pesa na huna pesa. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kuilipa garanti kwa mafungu matatu, la kwanza mkataba unapoanza. Wangapi wetu tumeambiwa hilo? Na mwenye vyumba vichache na waombaji mia, atamchagua anayelipa kidogokidogo?

Mtu atasema, si akalale kwa ndugu zetu walioko kule? Analala, ndiyo. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kule jembe lenyewe ni karatasi. Ukihamia mahali unatakiwa ujiandikishe ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, na aliyekupa nyumba athibitishe kwa saini kwamba umeingia kwake. Ndugu yako mwenyewe ni mpangaji, na mara nyingi anaogopa kusaini bila mwenye nyumba kujua. Bila kuandikishwa, kibali cha kukaa kinachelewa na barua za ofisi hazikufikii. Chumba kule si paa tu. Ni anwani, na bila anwani makaratasi yako mengine yanasimama.

Kuna jambo lingine linalotuchanganya. Tunasoma kwamba wakimbizi wanapata BAföG, tunapiga makofi. Ni kweli, lakini ni wale waliotambuliwa na Ujerumani yenyewe. Hadhi yako ya Uganda haikupi haki hizo. Ukienda kwa viza ya masomo, kule wewe ni mwanafunzi wa kigeni kama mtoto wa waziri, na akaunti yako itaulizwa kama yake.

Najua baadhi ya wafanyakazi wa mashirika watanijibu: kwa pesa ya kumpeleka mmoja Ujerumani tunasomesha kadhaa hapa. Hiyo hoja ni nzuri, siikwepi. Ufadhili wa DAFI wa UNHCR, ambao serikali ya Ujerumani imeubeba tangu 1992, unasomesha wakimbizi hapahapa katika nchi walizokimbilia. Kwa shahada ya kwanza, ukipata DAFI, ichukue na usiangalie nyuma. Kozi nyingi za shahada ya kwanza kule ni za Kijerumani, na Kijerumani cha chuo hakisomwi kwa miezi mitatu kwenye simu. Lakini kwa shahada ya uzamili mambo ni tofauti. Kozi za Kiingereza zipo nyingi, muda ni kama miaka miwili, na DAAD ina buruse ambazo zinaondoa kabisa hiyo Sperrkonto, ikiwemo Leadership for Africa inayopokea pia wakimbizi. UNHCR na washirika wake wamejiwekea lengo la asilimia 15 ya vijana wakimbizi kufika elimu ya juu ifikapo 2030. Hatutafika huko kwa kutumia mlango mmoja.

Basi ninawaomba nini wakubwa wa mashirika? La kwanza, acheni kutuuzia "bure". Kwenye kila tangazo la chuo andikeni bei nzima: mchango, chumba, bima, garanti, nauli. Kijana mwenye hesabu kamili anaweza kuamua. Aliyepewa nusu anauza pikipiki ya baba yake kulipia maombi.

La pili, wekeni mfuko wa garanti. Garanti si pesa ya kuliwa. Mwanafunzi akitoka bila kuharibu nyumba, inarudi. Garanti ya 1,200 iliyomsaidia mmoja leo inaweza kumsaidia mwingine baada ya miaka miwili, na mwingine tena. Sisi tunaijua kazi hiyo, ni likelemba. Mama zetu wanaiendesha sokoni bila ofisi na bila gari jeupe. Inahitaji shirika moja kule la kuweka saini na kusimamia.

La tatu, tafuteni wenyeji kabla ya kutafuta wasafiri. Kanada, WUSC inafanya hivyo tangu 1978: wanafunzi wa chuo wanachangia kidogo kwenye ada zao, na kamati yao inampokea mkimbizi na kumwandalia pa kukaa. Italia ina UNICORE tangu 2019, ambapo chuo na washirika wake wa mji wanashughulika na masomo na malazi pamoja. Hawa walielewa kwamba barua ya chuo bila ufunguo wa chumba ni nusu safari.

Na sisi vijana? Tuache kuuliza "chuo gani bora?" kwanza. Uliza "mji gani nitaweza kulala?" Leipzig, Halle, Magdeburg na Chemnitz zina vyuo vya serikali, na vyumba vyake ni rahisi mbali sana kuliko München. Kila mji wa chuo una Studierendenwerk, shirika linaloendesha hosteli za wanafunzi, kwa wastani kama euro 300 na joto ndani. Hosteli hizo zinachukua karibu mwanafunzi mmoja tu kati ya kumi, kwa hiyo foleni ni ndefu, pengine mihula kadhaa. Angalia sharti la mji wako, na siku ya kwanza unayoruhusiwa kujiandikisha, jiandikishe. Ukiambiwa bei ya chumba, uliza kama ni kodi tupu au na joto na maji. Na mtu akikuandikia kwamba yuko safarini, tuma garanti kwanza, funguo zitakuja kwa posta, huyo ni mwizi. Hata akikutumia picha ya pasipoti.

Anayetafuta chuo mwaka huu, aandike hapa chini mji anaoutaka, na bei ya chumba aliyoikuta. Sio jina la chuo. Bei ya chumba. Tukikusanya hizo bei pamoja, kwenye mkutano ujao na mashirika tutaingia na hesabu mkononi.