Fedha Zipo, Nani Atatoa Amri?

Mwanzoni mwa Juni 2003 ndege za kijeshi za Ufaransa zilianza kutua Bunia, mji mkuu wa Ituri, mashariki mwa Congo, kwenye uwanja uliochakaa kiasi kwamba wahandisi waliukarabati huku ndege zikiendelea kushuka. Jeshi la Uganda lilikuwa limeondoka mwezi uliotangulia. Wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu walikuwa wakiwindana mtaa kwa mtaa, na askari mia saba hivi wa Uruguay, waliokuwa pale kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, walikuwa wamezidiwa, raia kwa maelfu wakiwa wamekimbilia kwenye ua wa kambi yao. Katibu Mkuu Kofi Annan aliomba msaada. Baraza la Usalama likapitisha Azimio 1484 Mei 30. Operesheni ikazinduliwa rasmi Juni 12 kwa jina la Artemis. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Ulaya kupeleka jeshi nje ya bara lake bila kuitegemea NATO. Septemba 1 kazi ilikabidhiwa kwa kikosi kipya cha Umoja wa Mataifa. Ndani ya mji bunduki ziliacha kubebwa hadharani. Vijijini, nje ya eneo ambalo Wazungu hao walipangiwa, watu waliendelea kuuawa.

Huko Brussels, Artemis imekuwa ikitajwa tangu hapo kama ushahidi kwamba Ulaya ikiamua inaweza. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Ni kweli iliweza. Lakini aliyeamua alikuwa Paris. Ufaransa ndiyo iliyoombwa, makao makuu ya operesheni yalikuwa Paris, na sehemu kubwa ya wale askari wapatao elfu mbili walikuwa Wafaransa. Wengine, wakiwemo makomando wa Sweden, waliunga mkono msafara ambao tayari ulikuwa na kiongozi wake. Umoja wa Ulaya ulitoa bendera.

Miaka mitano baadaye zamu ikawa ya Goma. Mwishoni mwa Oktoba 2008 wapiganaji wa kundi la waasi la CNDP la Laurent Nkunda walisogea hadi karibu na mji, wanajeshi wa serikali wakatimua mbio, na mwanzoni mwa Novemba watu wasiopungua 150 wakauawa Kiwanja, Rutshuru, kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch. Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliiomba Ulaya ilete kikosi cha kuziba pengo mpaka askari zaidi wa Umoja wa Mataifa wawasili. Safari hii Ulaya ilikuwa na kitu ambacho mwaka 2003 haikuwa nacho: vikosi viwili vya mapigano vya askari 1,500 kila kimoja, vikiwa zamu, vilivyoundwa kwa mfano uleule wa Bunia. Kimoja kilikuwa cha Uingereza, kingine kikiongozwa na Ujerumani. Ubelgiji ilitaka watu wapelekwe. London na Berlin hazikutaka. Hakuna aliyekwenda.

Ndiyo maana tumetenga toleo hili zima kwa ulinzi wa Ulaya, jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu wataliona la mbali. Si la mbali. Meli za Atalanta, operesheni ya Ulaya dhidi ya uharamia, zimekuwa zikizunguka pwani ya Somalia tangu Desemba 2008, na washukiwa wa uharamia waliokamatwa nazo walishtakiwa Mombasa. Maofisa wa Ulaya walifundisha askari wa Kisomali wakiwa Uganda kabla ya kuhamia Mogadishu. Yanayoamuliwa Brussels kuhusu nani apewe silaha na nani afundishwe yanatufikia. Yasipoamuliwa, yanatufikia pia.

Msimamo wangu ni huu. Ulaya inahitaji kweli kuimarisha ushirikiano wake wa ulinzi. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, anayebishia hilo ana kazi kubwa ya kueleza. Ila kwa miaka zaidi ya 20 imekuwa ikijenga vyombo kwanza na kuiahirisha sera itakayovitumia. Sera ya pamoja ya usalama imeandikwa kwenye mikataba tangu Maastricht, mwaka 1992, lakini neno “pamoja” bado linasubiri mtu wa kulitekeleza.

Kidonda hiki ni cha zamani. Oktoba 1950, Waziri Mkuu wa Ufaransa René Pleven alipendekeza jeshi moja la Ulaya, ambamo Wajerumani wangevaa sare bila Ujerumani kuwa na jeshi lake. Nchi sita zilitia saini mkataba Paris, Mei 27, 1952. Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg zikauridhia. Agosti 30, 1954, Bunge la Ufaransa, nchi iliyolizaa wazo lenyewe, likauua kwa kura 319 dhidi ya 264, na hata hivyo kwa hoja ya utaratibu tu, mkataba wenyewe ukiwa haujajadiliwa. Wakomunisti na wafuasi wa de Gaulle, watu ambao kwa kawaida hawakukubaliana hata juu ya hali ya hewa, walisimama pamoja wakaimba wimbo wa taifa. Mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi iliingia NATO, na kwa miongo minne swali la nani atoe amri likajibiwa na Wamarekani.

Wanaodai kwamba leo Ulaya inapaswa kuwa na jeshi moja huwa wanalitaja jaribio hilo kana kwamba lilikuwa ajali. Halikuwa ajali. Hakuna bunge linalokubali kwa urahisi kijana wake afe kwa amri iliyotiwa saini na mtu ambaye halikumchagua. Kwa hiyo nadhani mjadala wa jeshi moja unapoteza muda. Yapo mambo madogo, na mazito kuliko hilo, yanayoweza kufanywa kesho.

Chukua fedha. Vile vikosi vya mapigano vimekuwa vikipokezana zamu tangu 2007, na katika miaka yote hiyo havijatumwa popote. Sababu zipo nyingi, lakini iliyo karibu zaidi na mfuko ni kwamba nchi iliyo zamu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama ikitokea safari: mafuta, ndege za kubeba mizigo, posho, chakula, vipuri. Mfuko wa pamoja hufidia kidogo tu. Fikiria waziri wa fedha wa nchi ndogo ambayo kwa bahati ya kalenda iko zamu siku dharura inapotokea. Kura yake inajulikana kabla hajafungua mdomo. Kisha Mkataba wa Umoja wa Ulaya wenyewe, katika kifungu cha 41, unakataza bajeti ya Umoja kulipia operesheni za kijeshi. Mfumo umejipanga wenyewe usifanye kazi.

Chukua na barabara. Ripoti ya Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ya mwaka 2025 ilieleza kuwa ipo nchi mwanachama inayotaka taarifa ya siku 45 kabla ya kuruhusu msafara wa kijeshi kupita, na kwamba vifaru vya nchi moja havikuweza kukatiza nchi jirani kwa barabara kwa sababu uzito wao ulivuka kiwango kinachoruhusiwa na sheria za usalama barabarani. Siku 45! Na zote hizo ni nchi ambazo raia mwenye sanduku lake la nguo anavuka mipaka yao bila kuulizwa chochote.

Halafu kuna mizinga ya milimita 155. Kwenye karatasi risasi ya kipenyo hicho ni moja kwa wote. Uwanjani si hivyo. Kila mzinga una baruti zake, majedwali yake ya kulengea shabaha na vibali vyake. Mario Draghi, katika ripoti yake ya Septemba 2024 kuhusu uchumi wa Ulaya, alionyesha kuwa nchi wanachama ziliipa Ukraine aina 10 tofauti za mizinga ya milimita 155 kutoka kwenye maghala yao, na kwamba Ulaya inaendesha aina 12 za vifaru wakati Marekani inaendesha moja. Yule fundi wa Ukraine anayepokea aina 10 za vipuri kwa aina 10 za vitabu vya maelezo anaijua sera ya pamoja ya Ulaya kuliko wengi wetu tunaoiandikia. Machi 2023 Umoja uliahidi risasi milioni moja ndani ya miezi 12. Muda ulipofika, zilizokuwa zimepelekwa zilikuwa nusu hivi.

Tangu hapo fedha zimefunguka kwa namna ambayo miaka 10 iliyopita ingechekwa. Machi 2025 Ujerumani ililegeza kikomo cha deni katika katiba yake kwa ajili ya ulinzi. Mei mwaka huohuo nchi wanachama zilipitisha SAFE, mfuko wa mikopo wa euro bilioni 150, na Juni huko The Hague wanachama wa NATO waliahidi kufikia asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035. Masharti ya SAFE yana akili: nchi zinunue kwa pamoja, na angalau asilimia 65 ya thamani ya kinachonunuliwa itoke Ulaya au Ukraine. Ila katika mwaka wa kwanza nchi moja iliruhusiwa kununua peke yake. Hapo naona tabia ya zamani ikiingia kwa mlango wa uani.

Sisemi kwamba kununua Ulaya ni dawa. Draghi alitaja kuwa kati ya katikati ya 2022 na katikati ya 2023, asilimia 78 ya manunuzi ya silaha yalikwenda nje ya Umoja, asilimia 63 Marekani peke yake, na wengi waliipokea takwimu hiyo kama usaliti. Lakini mtazame Mpolandi. Agosti 2022 Poland ilisaini mkataba wa vifaru 180 aina ya K2 vya Korea Kusini. Vya kwanza viliteremshwa bandarini Gdynia Desemba 2022. Miezi minne. Kiwanda gani cha Ulaya kingemwahidi hivyo? Nchi inayopakana na Belarus na Kaliningrad haiwezi kusubiri Paris na Berlin zimalize kugombania nani aongoze usanifu wa ndege yao mpya ya kivita, mradi zilizouanza mwaka 2017.

Yote hayo ni vyombo. Tatizo la sera lenyewe halionekani vizuri zaidi popote kuliko huku kwetu. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya, kupitia Mfuko wa Amani wa Ulaya, uliidhinisha euro milioni 20 kwa jeshi la Rwanda kwa ajili ya operesheni yake Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Julai 2023 uliidhinisha euro milioni 20 kwa kikosi cha jeshi la Congo kilichopo Kindu. Novemba 2024 ukaongeza milioni 20 nyingine kwa Rwanda, wakati wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikwishaandika kwamba askari wa Rwanda wako Kivu, mashariki mwa Congo, pamoja na waasi wa M23, jambo ambalo Kigali ilikanusha. Januari 2025 M23 waliingia Goma, Februari Bukavu. Machi 17 Ulaya ikawawekea vikwazo makamanda wa jeshi lilelile.

Kila uamuzi hapo, ukiusoma peke yake, una sababu yake. Gesi ya Cabo Delgado ni ya kweli, na wanamgambo waliowachinja watu huko ni wa kweli pia. Ila ukiiweka mistari hiyo kwenye ukurasa mmoja, huoni sera. Unaona madawati, kila moja likishughulikia faili lake, na mji mkuu mmoja au miwili ikisukuma lake kila mara. Mtu wa Goma haoni tofauti kati ya mkono uliotoa na mkono uliochapa. Anajua tu yote miwili ilikuwa ya Ulaya.

Hapo ndipo hutajwa kura ya turufu. Hungary ilizuia kwa muda mrefu zaidi ya euro bilioni sita zilizopaswa kuwafidia wanachama walioisaidia Ukraine, na tangu hapo kila mtu ana suluhisho lilelile: futeni kauli moja, pigeni kura ya wengi. Makala moja katika toleo hili inalipinga hilo kwa nguvu, na hoja yake ni nzito. Waireland waliukataa Mkataba wa Lisbon Juni 2008, wakaukubali Oktoba 2009 baada tu ya kupewa dhamana kuwa msimamo wao wa kutofungamana kijeshi hautaguswa. Wadenmark walikaa nje ya ulinzi wa pamoja kwa miaka karibu 30, wakaingia kwa hiari yao Juni 2022, theluthi mbili ya wapiga kura wakisema ndiyo. Kama wangeburutwa, mwandishi anauliza, wangekuwepo leo?

Nampa haki yake, lakini naona mkataba tayari una mlango ambao pande zote mbili zinaupita bila kuubisha hodi. Februari 2022, Ulaya ilipoamua kwa mara ya kwanza kulipia silaha za kuua kwa ajili ya Ukraine, Ireland, Austria na Malta hazikupinga wala hazikuunga mkono. Zilijiweka kando, mchango wao ukaelekezwa kwenye dawa, mafuta na vifaa visivyoua. Uamuzi ukapita siku zilezile za vita. Na kifungu cha 44 kinaruhusu Umoja kukabidhi operesheni kwa kundi la nchi zilizo tayari na zenye uwezo, bila kuwasubiri wote wavae viatu. Hakijatumika.

Kikosi kipya cha Umoja wa Ulaya cha askari 5,000, kilichoahidiwa mwaka 2022 na kutangazwa kuwa tayari mwaka 2025, ndipo pa kuanzia. Kipewe amri kwa kifungu hicho, kilipiwe na wote hata na wasiopeleka askari, na makao makuu yake yajulikane kabla ya dharura, si baada yake. Gharama zikiachwa kwa nchi iliyo zamu, nacho kitapokezana zamu tu mpaka vipuri vyake vipate kutu.